Utambi wa Karabai na Umeme wa Jua



Kila mhunzi ajua ya kuwa chuma kikitiwa motoni huanza kuwa chekundu, kisha huwa cha rangi ya chungwa, kisha cha manjano, na kikizidi kupata moto hukaribia weupe. Mkaa nao ni vivyo hivyo, na jiwe la jikoni, na chungu kilichosahauliwa juu ya mafiga. Kwa ajili hiyo watu wengi hudhani ya kuwa vitu vyote vikipata moto hutoa nuru ya namna moja, na tofauti ni kiasi cha moto tu. Kwa vitu vingi dhana hiyo i karibu na kweli. Lakini yapo madini machache yasiyofuata desturi hiyo. Yakipata moto hutoa nuru ya rangi zake maalum, na rangi nyingine huzitoa kwa uchache sana. Habari za madini hayo ndizo nitakazo kuwaeleza, pamoja na jinsi wataalamu wanavyojaribu kuyatumia ili kupata umeme mwingi zaidi kutoka kwa jua.

Sikuchagua habari hizi kwa kupenda maneno makubwa. Mimi ni mwanafunzi wa zamani wa shule hii, na sasa nafundisha fizikia. Karo yangu ya miaka sita ililipwa na mjomba wangu, mvuvi wa mukene katika Ziwa Victoria, yaani samaki wadogo ambao ndugu zetu wa Tanzania huwaita dagaa na wale wa Kenya omena. Mwanawe wa mwisho amemaliza kidato cha nne, akapata alama nzuri, akasema ataka kuendelea na fizikia, kemia na hesabu mpaka Chuo Kikuu, ili ajifunze elimu hii ya madini na nuru, ambayo alikuwa ameisoma katika kitabu. Mjomba alikuwa amekwisha kumtafutia nafasi kwa fundi mmoja wa mjini ajifunze kufunga sola, kazi ya miezi michache yenye mshahara unaoonekana. Nyumbani pakawa na maneno. Mwisho nikaitwa.

Mjomba aliniambia, "Mpwa wangu, wewe ndiwe uliyesoma mambo haya. Sikuulizi kama ni mazuri. Nakuuliza kama yapo. Fedha niliyo nayo nilikuwa nimeiweka ninunue injini ya mtumbwi. Nikiilipa karo, sitaipata tena upesi."

Hilo ni swali la haki, na mtu hawezi kulijibu kwa neno moja. Nilimjibu kwa jioni mbili, binamu yangu akiwa ameketi papo hapo akisikiliza. Naandika hapa yale niliyomweleza, kwa maana nadhani wengi wenu mtaulizwa swali la namna hiyo na wazazi wenu.

Nilianza na paneli iliyo juu ya bati lake. Saa sita mchana paneli ile huwa ya moto hata huwezi kuiwekea kiganja. Mjomba alikuwa amelitambua jambo hilo zamani, akadhani ni kawaida ya kila kitu kilichoanikwa. Nikamwambia, "Joto lile ni jua ulilolipata na usilolitumia. Mahali petu hapa mchana wa jua kali, kila mita moja ya mraba hupata nguvu ya kama wati 1,000. Paneli nzuri za silikoni zinazouzwa leo hugeuza kama asilimia 20 hadi 23 tu ikawa umeme. Kidogo huakisiwa kirudi angani, na sehemu kubwa iliyobaki huwa joto." Tena joto lile lina hasara yake, kwa kuwa silikoni ikipata moto hutoa umeme pungufu.

Basi kwa nini silikoni haichukui yote? Nuru ya jua ni mchanganyiko wa mawimbi mengi, marefu na mafupi. Mawimbi haya hupimwa kwa nanomita. Gawanya milimita moja mafungu milioni moja, fungu moja ndilo nanomita moja. Macho yetu huona mawimbi ya kama nanomita 400, ambayo ni ya zambarau, mpaka kama 700, ambayo ni mekundu. Yaliyo marefu zaidi ya hayo hatuyaoni, ila twayahisi kama joto, mfano wa joto la mkaa likupigalo usoni. Wimbi likiwa fupi ndipo kila chembe yake ya nuru huwa na nguvu nyingi.

Silikoni ni kama mnunuzi wa mtama mwenye kibaba kimoja tu cha kupimia. Aliyemletea pungufu ya kibaba hupewa mkono mtupu. Aliyemletea kibaba na nusu hulipwa bei ya kibaba kimoja, na ile nusu humwagika chini. Kibaba cha silikoni ni wimbi la kama nanomita 1,100. Mawimbi yaliyo marefu kuliko hayo, ambayo huchukua karibu moja ya tano ya nguvu yote ya jua, hayatoi umeme wo wote. Yaliyo mafupi hutoa umeme wa kiasi kile kile cha kibaba kimoja, na ziada yake, ambayo kwa jumla ni karibu theluthi ya nguvu ya jua, huwa joto. Mwaka 1961 wataalamu wawili, William Shockley na Hans Queisser, walipiga hesabu wakaonyesha ya kuwa seli ya aina moja tu, hata ikiwa haina kasoro yo yote, ikianikwa juani kama tunavyoanika sisi haiwezi kupita karibu theluthi moja. Mpaka huu umewekwa na kipimo chenyewe, wala ufundi bora wa kiwanda hauwezi kuuondoa.

Hapo ndipo lilipotoka wazo la pili. Ikiwa mnunuzi hawezi kubadili kibaba chake, je, twaweza kumpelekea mtama uliokwisha kupimwa? Yaani jua lisipige seli moja kwa moja. Lipige kwanza kitu kingine, kitu hicho kipate moto mkali, kisha kitoe nuru yake chenyewe, nayo iwe karibu yote ni ya kibaba kile cha silikoni.

Mjomba akacheka, akasema, "Na kitu chenye adabu kama hiyo kitapatikana wapi?"

Nikamwonyesha karabai yake ya zamani iliyotundikwa ghalani, ambayo wengine huiita taa ya presha. Kabla ya taa hizi za sola kufika mwaloni, wavuvi wa mukene walitegemea karabai. Usiku wa giza, mwezi usipokuwapo, taa zilielea ziwani mfano wa mji, na samaki wakakusanyika penye nuru. Kila aliyewahi kuwasha karabai aujua utambi wake. Si utambi kama wa kandili unaonyonya mafuta. Ni kifuko kidogo cha nyuzi laini, kilichochovywa katika maji ya chumvi za madini, kikakaushwa. Ukikiwasha mara ya kwanza nyuzi zote huungua, na kinachobaki ni majivu magumu kidogo yenye umbo lile lile la kifuko. Majivu hayo ni oksidi, yaani madini yaliyoungana na oksijeni, nayo hayaungui tena.

Sasa tazama ajabu yake. Moto wa karabai wenyewe, ukiuona bila utambi, ni wa buluu na hauna nuru ya kufaa. Tia msumari katika moto ule ule, utawaka wekundu au manjano. Lakini kifuko kile huwaka weupe unaoumiza macho. Moto ni mmoja. Sababu ya tofauti ni kwamba msumari hutoa nguvu yake nyingi katika mawimbi marefu yasiyoonekana, na kwa kuyatoa hujipoza. Oksidi za kifuko hutoa mawimbi hayo kwa uchache, basi hazijipozi upesi. Huzidi kupata moto, na nguvu yake nyingi zaidi hutoka kwa njia ya nuru inayoonekana.

Aliyevumbua utambi huo ni Carl Auer von Welsbach wa Austria. Alijifunza kemia huko Heidelberg, Ujerumani, kwa Robert Bunsen, yule ambaye jina lake mwalisikia kila mnapowasha jiko la gesi katika maabara. Katika miaka ya 1860 Bunsen na mwenzake Bahr walikuwa wameona ya kuwa oksidi ya erbiamu ikipata moto mkali hutoa nuru ya kijani, na ikipitishwa katika kioo cha kupambanua rangi huonekana mistari yenye kung'aa, ambapo chuma na mkaa huonyesha mfululizo wa rangi usio na mistari. Auer aliyachukua mambo hayo akayafanyia kazi. Utambi wake wa kwanza wa mwaka 1885 ulitoa nuru ya kijani na ulivunjika upesi, na watu hawakuupenda. Kiwanda alichokianzisha kikafungwa mwaka 1889. Aliendelea kupima michanganyiko mpaka mwaka 1891, alipopata ule uliofaa: sehemu 99 za oksidi ya thoriamu na sehemu 1 ya oksidi ya seriamu. Thoriamu haimo katika ukoo wa madini ninayoyaeleza, lakini seriamu imo. Utambi huo ulienea mijini katika taa za gesi, baadaye ukaingia katika taa za mafuta kama Petromax iliyotoka Berlin, na ndizo zilizofika hata kwetu.

Ukoo wenyewe huitwa madini adimu ya ardhi. Yako 17. Jina hilo lapotosha kidogo, maana seriamu katika ardhi yakaribia kuwa nyingi kama shaba; shida ni kuyatenganisha, kwa kuwa yafanana sana tabia. Manne kati yake, itriamu, terbiamu, erbiamu na iterbiamu, yamepewa majina kutokana na kijiji kimoja tu cha Sweden kiitwacho Ytterby, ambako lilichimbwa jiwe jeusi la kwanza lililochunguzwa.

Kwa nini ukoo huu una tabia hiyo? Katika kila atomu zimo elektroni, nazo hutoa nuru zinaporuka kutoka daraja moja la nguvu kwenda la chini yake. Katika vitu vigumu vya kawaida atomu zimesongamana, elektroni za nje za atomu moja husukumana na za jirani, na kila rangi huchanganyika na nyenzake mpaka zikawa kitu kimoja. Katika madini haya elektroni zinazohusika zimo ndani, zimefunikwa na tabaka nyingine za elektroni. Ni kama mtu aliye katika chumba cha ndani, milango imefungwa. Kelele za sokoni humfikia kwa mbali sana. Kwa hiyo hata oksidi ikiwa kitu kigumu, hata ikiwa na moto mkali, elektroni zile huendelea kuruka kwa vipimo vyake zenyewe.

Katika iterbiamu kipimo hicho ni kimoja tu, nacho ni cha wimbi la kama nanomita 980. Kumbukeni ya kuwa kibaba cha silikoni ni 1,100. Basi iterbiamu hupima kibaba na nyongeza ndogo tu juu yake. Erbiamu nayo, mbali na ule ukijani wake, hutoa nuru nyingi isiyoonekana karibu na nanomita 1,500. Haifai kwa silikoni, lakini yafaa kwa seli za aina nyingine zenye kibaba kidogo zaidi.

Ili mwone faida yake, chukueni kitu cheusi cha kawaida chenye moto wa sentigredi 1,500. Ukipiga hesabu ya nuru yake, katika kila mafungu 100 ya nguvu inayotoa, ni kama mafungu 6 tu yenye mawimbi mafupi kuliko nanomita 1,100. Mengine 94 silikoni haiwezi kuyatumia. Oksidi ya iterbiamu katika moto ule ule hutoa sehemu iliyo kubwa zaidi ya nguvu yake mahali panapotakiwa.

Mambo haya yamepimwa. Mwaka 1972 Guido Guazzoni, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya jeshi la Marekani huko Fort Monmouth, alitangaza vipimo vya nuru ya oksidi za erbiamu, samariamu, neodimiamu na iterbiamu katika moto mkali. Jeshi lilikuwa likitafuta mashine ndogo ya umeme isiyo na kelele. Baadaye huko Uswisi, katika taasisi ya Paul Scherrer, walitengeneza kifuko cha oksidi ya iterbiamu kama kile cha karabai, wakakiwasha kwa gesi, wakakizungushia seli za silikoni, umeme ukapatikana. Mjomba aliposikia hayo alinyamaza, akaitazama tena ile karabai.

Lakini huo ni moto wa gesi. Kwa jua pana kazi zaidi. Gustav Kirchhoff, rafiki yake Bunsen, alionyesha mwaka 1859 ya kuwa kitu kinachotoa vizuri nuru ya wimbi fulani ndicho kinachoipokea vizuri, na kisichoitoa hakiipokei. Oksidi ya iterbiamu ni unga mweupe. Ukiianika juani, nuru nyingi hurudi. Hivyo chombo chapaswa kuwa na nyuso mbili. Uso wa mbele uwe mweusi, uelekee vioo vinavyokusanya jua la mahali papana na kulitupa juu ya mahali padogo. Uso wa nyuma uwe wa oksidi, uelekee seli. Katika maabara nyingine hufanya kwa njia fupi zaidi: hupiga chembe ya unga wa oksidi kwa nuru kali ya leza, nayo hupata moto kwa nuru peke yake, pasipo mwako wo wote, ikaanza kutoa nuru ya kipimo chake. Kwa njia hiyo hupima upesi michanganyiko mingi.

Jioni ya pili binamu yangu alitaka nieleze kwamba hesabu za vitabuni zaonyesha ya kuwa chombo kamili cha namna hii, jua likikusanywa kwa kiasi cha juu kabisa, chaweza kufikia hata asilimia 85. Ni kweli, hesabu hiyo ipo. Lakini baba yake hakuuliza habari za chombo kamili. Nikamwambia Mjomba na mengine. Katika chuo cha MIT cha Marekani, mwaka 2014 chombo kizima cha jua cha namna hii kilitoa asilimia 3.2. Mwaka 2016 kikafika asilimia 6.8. Paneli yako juu ya bati yakishinda mara tatu, nayo waweza kuinunua dukani. Tena vyombo hivyo havikutumia madini adimu. Vilitumia nyuzi ndogo mno za kaboni upande wa jua, na matabaka membamba yaliyopangwa kwa ustadi upande wa seli. Mwaka 2022 MIT na maabara ya taifa ya nishati ya Marekani walitangaza seli iliyogeuza zaidi ya asilimia 40 ya nuru ya kitu chenye moto wa sentigredi 1,900 hadi 2,400. Hiyo ni hesabu ya seli peke yake, si ya chombo kizima, nayo ilitumia njia nyingine: nyuma ya seli pana kioo kinachorudisha mawimbi yasiyofaa kwenye kile chenye moto, yasipotee. Basi njia ya madini adimu ni moja kati ya kadhaa, na yaweza kushindwa na nyenzake.

Binamu yangu hakupenda kusikia hayo. Mjomba akauliza, "Na kile kifuko chao cha iterbiamu, kikitikiswa?"

Wasomaji, nawaombeni mlitazame swali hilo. Aliyeuliza hakupita darasa la saba. Lakini alikaa miaka thelathini ziwani na karabai, naye ajua ya kuwa utambi uliokwisha kuungua huvunjika kwa kuguswa na mbawa za nondo, na wimbi moja likipiga mtumbwi vibaya waweza kubaki gizani. Swali lake ndilo lililowasumbua mainjinia. Oksidi hizi hupasuka zikipata moto na kupoa mara kwa mara, na jua hupanda na kushuka kila siku, na wingu likipita moto hupungua ghafula. Wamejaribu kuzifuma kwa nyuzi nyembamba sana, na kuzipaka juu ya vigae vinavyostahimili moto. Kazi haijesha.

Akauliza tena, "Nami natoka usiku. Taa zangu hizi za betri zafanya kazi. Kwa nini nirudi kwenye moto?"

Hapo nilikuwa na jibu. Kwa mvuvi mmoja, betri na taa ndogo zatosha, wala sitamshauri kubadili. Lakini mji mzima, hospitali, au kiwanda cha kukaushia samaki, chahitaji akiba kubwa ya nguvu ya usiku kucha, na betri za kiasi hicho ni ghali. Joto laweza kuwekwa akiba katika vitu rahisi, kama matofali ya grafaiti yaliyofunikwa vizuri, na kutolewa usiku kwa njia ya nuru na seli. Hiyo ndiyo kazi iliyokusudiwa na wale wa mwaka 2022, ingawa joto lao huweza kutoka kwa umeme wo wote wa ziada. Na ye yote ajuaye jinsi kitu chenye moto kinavyochagua nuru yake ana nafasi katika kazi hiyo, iwe kwa iterbiamu au kwa kitu kingine.

Nikamwongezea jambo moja ambalo ni la kwetu. Huko Makuutu, mashariki mwa Uganda, pana udongo wa mfinyanzi wenye madini adimu haya, na Burundi iko miamba yake huko Gakara. Leo dunia huyatafuta zaidi kwa ajili ya sumaku za magari ya umeme na mitambo ya upepo, wala si kwa nuru. Lakini yakichimbwa, watahitajika watu wa huku wanaojua kila moja lafaa nini na lina thamani gani likiisha kutenganishwa. Pasipo watu hao tutauza udongo.

Ndipo nikamjibu swali lake. "Mjomba, jambo hili lipo. Limepimwa, na limejengwa katika maabara. Halijauzwa. Mtoto akilisomea asitegemee kwamba chombo hicho ndicho kitakachomlipa mshahara. Huenda kisitoke katika maisha yake, au kikatoka kwa njia nyingine. Elimu yenyewe ya joto, nuru na madini ndiyo itakayomlisha, nayo ina kazi nyingi. Lakini mshahara wa fundi sola utakuja mapema zaidi, na hilo siwezi kukuficha."

Mjomba hakujibu usiku ule. Asubuhi alimwita mwanawe, akamwambia mbele yangu, "Utakwenda kidato cha tano. Likizo zote utafanya kazi kwa yule fundi, na fedha ya kalamu na sabuni utaitoa huko. Injini itangoja." Kijana alitaka kusema juu ya likizo, ya kuwa zingemfaa kwa kusoma. Nilimkanyaga mguu, akanyamaza. Muhula huu ameanza, na katika likizo ya kwanza amekwisha kufunga paneli kumi na moja.

Wanafunzi wapenzi, nina maneno mawili ya kumalizia. La kwanza ni la maabara. Mkiipata karabai, mwombeni mwalimu awawashie, mlinganishe nuru ya utambi na ya msumari katika moto wa gesi. Lakini msiushike utambi uliovunjika wala msivute vumbi lake, maana tambi nyingi za zamani zina thoriamu, yenye mionzi ya hatari. Nyingi za siku hizi hutumia itriamu badala yake.

La pili ni hili. Mtu wa kwenu akikuuliza juu ya elimu unayoitaka, yeye ndiye anayelipa, basi mpe jibu lililopangwa: kipi kimepimwa, kipi kimejengwa, na kipi kinauzwa. Usimwonyeshe kile cha kwanza kana kwamba ni cha tatu. Auer alikaa miaka sita kati ya utambi wa kijani uliokataliwa na ule mweupe uliokubaliwa, na kiwanda kikafungwa katikati. Anayetaka kuingia katika kazi ya namna hiyo, na wale wanaomlipia, wana haki ya kuzijua hesabu zote kabla ya kuanza.

Wasalaam,
Mwanafunzi wa Zamani